Siku Koko Alipovuliwa Kila Kitu

Jamani, habari hii huwa siisimulii nikiwa na njaa, maana nikifika katikati ninaishiwa nguvu, lakini leo mmeninywesha chai na kunilisha mandazi, basi kaeni vizuri niwaambie kwa nini hadi leo nikipita pale uwanjani, kwenye barabara ya kutokea mjini kwenda Rutshuru, ninashusha kioo cha kofia yangu hata kama hakuna vumbi, na ninaongeza mwendo kama mtu aliyeiba kuku. Wapo watu hapa Goma ambao hawajui kwamba jina langu ni Kasereka. Wao wananijua kwa jina la Vipande, na jina hilo sikupewa na adui, nilijipa mwenyewe, kwa mikono yangu na bisibisi ya kuazima.

Kwanza niwajulishe Koko. Koko ni pikipiki yangu, moto kama tunavyoziita hapa, na sisi tunaobeba abiria tunaitwa wamotari. Nilimwita hivyo, yaani bibi, kwa sababu nilipompata alikuwa ameshapita kwenye mikono ya watu wengi mno, hata rangi yake ya mwanzo hakuna aliyeijua (mmoja alisema nyekundu, mwingine akaapa ilikuwa buluu, na tulipokwangua kidogo tukakuta kijani). Enjini yake ilikuwa nzima, hilo sitamsingizia, ukimpiga teke la kwanza anawaka, ila vingine vyote ni Mungu tu. Taa ya mbele ilikufa zamani, vioo vya pembeni vilibaki vijiti, honi ilikuwa inakohoa badala ya kulia, mnyororo ulilegea ukawa unagonga kila tukipita kwenye mawe, tairi la nyuma lilikuwa kipara kabisa, kiti kilifungwa kwa kamba, na bomba la moshi nililishikiza kwa waya. Breki tuziache kwanza. Tutazifikia, au niseme zenyewe zitatufikia.

Sasa msinicheke peke yangu, maana karibu pikipiki zote za parkingi yetu ya Himbi, pale tunapongojea abiria, zilikuwa na magonjwa hayo hayo, na ndiyo maana tulikuwa na desturi yetu: siku ya kontrole, yaani ukaguzi wa pikipiki, vitu vinazunguka. Mwenye taa nzuri akishapita kwa wakaguzi anaenda nyuma ya ukuta, anaifungua, anampa mwenzake, na mwenzake akipita anampa mwingine. Kulikuwa na jozi moja ya vioo, mali ya rafiki yangu Kakule, ambavyo vilikuwa vimefaulu kontrole mara nyingi kuliko Kakule mwenyewe. Sisi hatukuona kama ni udanganyifu, tuliona ni umoja wa wamotari (na tulijisifu nao, mkitaka kujua).

Mwaka ule vita vilikuwa vimepanda tena kule juu. Watu walishuka kila siku na magodoro kichwani, na mbuzi, na watoto wamefungwa mgongoni, wakajaa Kibati, nje kidogo ya mji, wakajaa kando ya barabara yote, na sisi wamotari tulikuwa tunapanda na kushuka kutwa nzima kuwabeba wao na sufuria zao. Na katika watu wale alikuwemo mama yangu. Alitoka mji wa Kiwanja, kule kule kwenye vita, kwa miguu, mwanamke wa umri ule, akafika Kibati akapata nafasi kwenye ua wa kanisa, chini ya plastiki, juu ya mawe yetu haya meusi ambayo hata mbuzi anayalalia kwa kununa. Akaazima simu ya mtu, akanipigia.

“Kasereka, mutoto yangu, miye ningali muzima,” akaniambia. “Lakini hii majiwe inanimaliza mugongo.”

Mimi machozi yalikuwa karibu, na mwanaume akiwa karibu na machozi anaanza kujigamba. Nikamwambia, “Mama, ikala pale pale, usitembeye tena. Vendredi minakuya kukuchukula na moto yangu. Utaikala nyuma sawa madame ya gavana.”

Mama akacheka hadi mwenye simu akaanza kuidai. Alikuwa hajawahi kumwona Koko, mnanielewa? Kwa miaka yote nilikuwa nimemweleza kwa simu kwamba nina pikipiki, na yeye kule Kiwanja alikuwa anawaeleza majirani, na kila jirani alikuwa anaongeza kidogo, basi mimi sikuona sababu ya kupunguza.

Kumbe wiki ile ile likatoka tangazo. Ajali zilikuwa zimezidi kwenye barabara ya kaskazini, kwa hiyo hakuna pikipiki itakayopita kizuizi cha kutokea mjini bila kibandiko kipya cha kontrole, na kibandiko chenyewe kinabandikwa juu ya kioo cha taa ya mbele, kimeandikwa namba ya pikipiki kwa wino mwekundu. Hesabu yangu ikawa rahisi sana. Bila kibandiko siendi Kibati Ijumaa hiyo, na nisipoenda Kibati mama anaendelea kulala juu ya mawe.

Nikampeleka Koko kwa Bahati, fundi wetu. Bahati akamzunguka, akainama, akanyanyuka, akaonyesha breki, akaniuliza, “Freni unafungaga na nini?”

“Na sandale,” nikamjibu.

Hapo lazima niwaeleze. Mimi nimekulia kwenye chukudu, lile gari letu la mbao la magurudumu mawili, halina enjini wala pedali, unapakia viazi na makabeji mteremko wote unaachia tu. Breki yake ni kipande cha tairi kilichopigiliwa nyuma, ukikikanyaga kinakamata gurudumu, na kikichakaa unakanyaga gurudumu lenyewe kwa kandambili. Basi breki ya Koko ilipokufa, mguu wangu wa kulia ulikumbuka kazi yake ya zamani: ninashusha gia, ninarudisha mguu nyuma, ninakandamiza tairi kwa soli ya sandale zangu zilizokatwa kwenye tairi la lori, na Koko anasimama. Sio papo hapo, lakini anasimama. Mtu aliyekulia kwenye gari la kawaida hawezi hata kuwaza kitu kama hicho, ila mimi niliona ni akili.

Bahati hakuona ni akili. Akasema, “Niachie hii moto mpaka kesho ku midi. Nitakuwekea freni ya mupya, nitakaza munyororo, na taa nitatafuta. Kisha utaenda kontrole na roho muzuri.”

Kesho yake ndiyo ilikuwa Alhamisi, siku ya mwisho ya kontrole kwa wiki ile, na wakaguzi walikuwa wanaanza asubuhi. Nikafikiria: nikisubiri mpaka saa sita, na foleni ikawa ndefu, na mkuu wao akachoka akaenda kula, je? Na taa nzuri ya mwenzetu Jospin ipo pale pale parkingini? Nikamwambia Bahati nitarudi wiki ijayo. Huo ndio uamuzi mdogo niliouchukua, nimesimama mlangoni kwa fundi na ufunguo mkononi, na yote mengine yalitoka hapo.

Alhamisi asubuhi Koko alikuwa amependeza, wallahi. Vioo vya Kakule, ambaye alikuwa ameshapita siku iliyotangulia. Honi ya Bienvenu, mwenzetu mwingine, naye ameshapita. Taa ya Jospin, ambaye alikuwa bado, kwa hiyo tulikubaliana nitangulie mimi, nikipita tu nimrudishie. Na mimi mwenyewe, ili nifanane na pikipiki, nikavaa viatu vyangu vya misa, vya ngozi, nimevipaka dawa hadi vinang'aa. Tulichelewa kidogo kwa sababu ya kufunga funga, tukajikuta mkiani mwa foleni, mimi nikiwa wa pili kutoka mwisho na Jospin nyuma yangu akiwa wa mwisho kabisa. Uwanja ule uko kando ya barabara, umeinama kidogo kama ilivyo ardhi yetu yote ya upande wa volkeno, na watu walikuwa wamejaa kutazama, wauza chai, wanafunzi, na wakimbizi wa vita waliokuwa wameshuka, wamekalia mizigo yao wakipumzika.

Mkaguzi mkuu tulikuwa tunamwita Papa Bisibisi. Mzee mfupi, koti jeupe, bisibisi mkononi, hakukusalimia wewe, alisalimia pikipiki kwa kuigonga gonga. Alikuwa na msaidizi mwenye kipaza sauti, kijana mpole sana aliyerudia kwa sauti ya juu kila kitu alichoambiwa, hata kisichohitaji kurudiwa. Basi Papa Bisibisi akafika, akaitazama foleni yetu, akakuna kidevu.

“Mbele beko batu bale bale siku yote,” akasema. “Leo tutaanzia ku mwisho.”

“Leo tutaanzia ku mwisho!” kipaza sauti kikarudia.

Jospin akashuka kwenye pikipiki yake kama amechomwa na nyuki. “Kasereka, taa! Lete taa yangu, nitafika pale bila taa!”

Tukaifungua haraka haraka, watu wa pembeni wakaanza kugusana mabega. Jospin akaifunga kwake, akapita, akafaulu, na mimi nikabaki na Koko mwenye shimo usoni, nikijifanya ninatafuta kitu mfukoni ili niwaache wengine wapite kwanza. Dakika chache baadaye Jospin akarudi anakimbia na taa ameificha ndani ya koti, akanisukumia, nikaifunga kwa haraka ya mtu anayefunga mzigo barabarani, jasho linanitoka, sijainua macho hata kidogo. Laiti ningeinua macho.

Papa Bisibisi akafika kwangu. “Washa.” Nikawasha, taa ikawaka. “Bien.” Akageukia vioo, akavigonga. Akasogea kwenye honi. Halafu akasimama, akarudi kwenye taa taratibu, akainama karibu sana.

“Hii moto ilishapita?” akaniuliza.

“Apana, Papa, bado.”

“Bado?” Akaweka ncha ya bisibisi juu ya kioo cha taa. “Na hii vinyeti, ilitoka wapi? Ilimea?”

Ndugu zangu, kibandiko kilikuwa pale, kipya, wino mwekundu haujakauka vizuri, na namba ya Jospin. Papa Bisibisi akaisoma ile namba polepole, na kijana wake, kwa tabia yake, akairudia kwenye kipaza sauti uwanja mzima ukasikia. Na kule mbali, karibu na mama muuza chai, Jospin (ambaye amesoma, mjue, ana diploma) akasikia namba yake inaitwa, akanyanyua mkono juu kabisa, akaitika kama mwanafunzi darasani, “Prezaa!”

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Papa Bisibisi hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza, alichukua tu kipaza sauti akauliza kwa adabu kubwa, “Bon. Nani ingine iko na kitu yake ku hii moto? Akuye achukule.”

Nikamtazama Kakule kwa macho ya kuomba. Kakule akatazama chini, akatazama vioo vyake, akasema, “Retro ni yangu, Papa. Lakini ninaweza ngoja.”

“Usingoje.”

Akaja kuvifungua. Bienvenu akaja kufungua honi yake, nayo ikalia yenyewe wakati anaichomoa. Jospin akachukua taa. Nikadhani yamekwisha, na hapo mama muuza chai, Mama Zawadi, mwanamke niliyekunywa chai yake miaka yote, akapaza sauti: “Na ile kamba ya kiti! Ile ni kamba ya mbuzi yangu! Niliitafuta mpaka nikachoka!” (Niliiokota barabarani, naapa, sikujua kama ina mbuzi.) Nikaifungua kamba, nikampa, kiti kikalegea. Koko akabaki amesimama katikati ya watu, enjini na magurudumu, na mimi ubavuni mwake na viatu vyangu vinang'aa.

“Sasa freni,” akasema Papa Bisibisi. “Freni haiko kitu ya kukopesha.” Akanionyesha sehemu ya juu ya uwanja. “Panda kule, shuka, simama ku ule mustari.”

Mtu mwenye akili angesema hapana, Papa, nisamehe, nitarudi. Nami nilitaka kusema hivyo. Lakini nilimkumbuka mama na yale mawe, na jinsi alivyocheka kwenye simu, nikajiambia labda nikisimama vizuri kwenye ule mstari wa chokaa huyu mzee ataniwekea hata kibandiko cha huruma. Nikapanda. Nikageuza. Nikaachia.

Koko alishuka vizuri, tena kwa heshima. Nikashusha gia, nikarudisha mguu wa kulia nyuma kama siku zote, nikakandamiza tairi, na ndipo mguu uliponipa habari ambayo kichwa kilikuwa kimeisahau, kwamba leo sikuvaa sandale za tairi la lori. Soli ya ngozi juu ya tairi lenye kipara, jamani! Haikukamata chochote. Kiatu kikachomoka, kikaruka juu, nikakiona kinapita mbele ya jua, nami nikapita mstari wa chokaa, nikampita Papa Bisibisi aliyeruka pembeni na koti lake, nikapita watu wanaokimbia, nikielekea barabarani moja kwa moja, na barabarani hapo inashuka chukudu imejaa makabeji na juu ya makabeji amekaa mwanamke na mwavuli.

Mwenye chukudu hakupiga hata kelele. Alikanyaga kipande chake cha tairi, chukudu ikasimama pale pale kama imepigiliwa msumari. Mimi nikapita mbele ya pua yake, nikaingia kwenye mtaro wenye matope ya mvua ya usiku, na Koko akanifuata. Enjini ikazimika. Na kutoka juu ya makabeji nikasikia sauti ninayoijua tangu kuzaliwa.

“Kasereka?”

Alikuwa mama. Usiku, ile mvua iliingia chini ya plastiki, wakakesha wamesimama, na asubuhi alipomwona jirani yetu wa Kiwanja anashuka na chukudu yake akaona haina maana kungojea Ijumaa. Alitaka kunifanyia sapraizi mtoto wake. Basi tulifanyiana.

Na yule kijana wa kipaza sauti, ambaye nadhani hata dunia ikiisha ataendelea kusoma, akaanza kutangaza matokeo: “Moto ya Kasereka! Taa, haina. Retro, haina. Klaksoni, haina. Munyororo, inalegea. Mupira ya nyuma, kipara. Freni...” Akasita, akanitazama mle mtaroni, akatazama mguu wangu. “Freni, kiatu.”

Mama alisikiliza mpaka mwisho, mwavuli bado uko juu. Halafu akauliza, sio kwa sauti kubwa, lakini wote walikuwa wamenyamaza ili wamsikie: “Ni hii njo moto ya madame ya gavana?”

Sitawaeleza kicheko kile. Waliocheka zaidi ni wale waliokuwa wamekalia magodoro yao, kina mama waliotoka kwenye vita, walishikana, walijifuta machozi kwa vitenge, na hata mle matopeni moyo wangu ulisema waache wacheke.

Mama akashuka. Akaja na bidoni yake, lile dumu la njano la maji, akakaa kwenye ukingo wa mtaro, akauvuta mguu wangu uliochubuka akaanza kuuosha kama nina miaka mitatu, mbele ya parkingi nzima ya Himbi. Alikuwa hacheki tena. Akaniambia polepole, mimi peke yangu nisikie, “Kule nilipita katikati ya masasi ya bunduki, mutoto yangu. Sikupata hata mukwaruzo. Na weye ulitaka kuniikalisha juu ya hii?”

Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Mpaka dakika ile nilikuwa naona aibu kwa sababu ya watu, ya taa, ya kamba ya mbuzi, ya kiatu. Sikuwa nimefikiria hata mara moja kwamba kesho yake ningempandisha mama yangu juu ya Koko na kuteremka naye mteremko wote wa Kibati kwa soli ya kandambili. Niliposhika hilo nililia, ndiyo, nililia na matope usoni, na yeyote anayetaka kucheka hapo acheke.

Papa Bisibisi alikuja na kiatu changu, akanikabidhi kwa mikono miwili. Angeweza kumkamata Koko, hakumkamata, alisema tu, “Lundi, kuya na moto yako. Yako, unasikia?” Halafu akaigeukia chukudu, akagonga kile kipande cha tairi kwa bisibisi yake, akatikisa kichwa. “Hii ninapitisha.” Na kipaza sauti kikatangaza kwamba chukudu imepita.

Tukaenda nyumbani hivyo, mama juu ya makabeji na mwavuli wake, mimi nyuma ninamsukuma Koko nimevaa kiatu kimoja, cha pili hakikuingia kwenye mguu uliochubuka, na kila tukifika kwenye kona mwenye chukudu anakanyaga breki ili nisiachwe.

Jumatatu nilirudi uwanjani. Bahati alikuwa ameweka breki mpya, mnyororo, tairi, taa, vyote vya Koko mwenyewe, na Papa Bisibisi akabandika kibandiko. Nikafika nyumbani ninapiga honi kuanzia barabarani. Mama akatoka, akakitazama kibandiko, akakigusa kwa kidole.

“Hii ni ya serikali,” akasema. “Ya miye bado.”

Tangu siku ile sijaazima hata msumari, wala sitaazima. Sio kwamba nimekuwa mtu mwema kuliko Kakule na wenzake, hapana, ila kila asubuhi kabla sijaenda kazini mama anatoka na kitenge chake begani, anaenda mpaka kwenye geti, anasimama katikati, ananiangalia, na kuniambia, “Haya, kuya.” Na mimi lazima niwashe Koko kule ndani ya ua, nimwendee moja kwa moja, na nifunge breki mbele ya miguu yake. Yeye hasogei. Hajawahi kusogea hata kidogo.